Pine Moja Inakula Siku Ngapi? Tembea Nasi Goma

Ndugu msomaji, kama hujafika Goma bado, leo twende pamoja. Vaa viatu vya nguvu. Usije na kandambili, maana mawe ya mji huu hayana huruma. Wewe unayesoma gazeti hili kule Rubaya, Walikale, Kamituga ao mbali kule Kolwezi, unayajua mawe. Lakini mawe ya kwenu mnayatafuta chini ya udongo, mnayachimba, mnayaosha, mnayapima na kuyauza. Hapa Goma mawe yalikuja yenyewe, tena yakiwa moto, yakaingia mpaka ndani ya nyumba za watu, na hakuna aliyeyaagiza.

Mlima Nyiragongo ulimwaga moto tarehe 10 Januari 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Ile ya 2002 ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ikashuka mpaka ndani ya Ziwa Kivu. Ile ya 2021 ilifunika barabara ya Rutshuru, ikasimama kule Buhene, karibu kabisa na kiwanja cha ndege. Moto ule ukipoa unakuwa jiwe jeusi lenye matundu mengi, na kando zake zinakata kama chupa iliyovunjika. Watu wa Goma hawakukimbia kwa siku zote. Walirudi na nyundo, wakavunja jiwe, wakajenga kuta kwa jiwe lile lile, juu ya jiwe lile lile.

Lakini leo sisemi habari ya mlima. Nasema habari ya gurudumu. Kila kitu tunachokula Goma kinafika juu ya gurudumu, na mawe yanakula magurudumu. Basi nataka tuulize pamoja: kubadilisha pine kunagharimu nini, na nani analipa? (Ndugu wa Tanzania na Kenya wanasema tairi. Sisi tulichukua neno kwa Wafaransa na Wabeljiji, tukasema pine.)

Tuanzie bandarini. Hapa mashua na meli zinafika kutoka Bukavu, Idjwi na Kalehe. Utaona magunia ya maharagi, mbao, mafuta, katoni za sabuni, na kelele ambayo haiwezi kuandikwa gazetini. Ukipanda kidogo kuingia mjini unafika kwenye depo. Nyingi kati ya depo hizi zinapakuliwa kwa mgongo wa mtu: ubao mmoja kutoka kwenye kamio mpaka mlangoni, na vijana wanapita juu yake mmoja nyuma ya mwingine kama siafu. Lakini katika depo zenye uwezo utakuta elevateri. Ni ile mashine yenye vyuma viwili mbele kama pembe za ng'ombe. Inaingiza pembe chini ya mzigo, inainua juu, inapanga.

Watoto wanaiangalia na kushangaa nguvu zake. Mimi naomba uangalie chini, kwenye magurudumu.

Pine ya elevateri si kama ya gari. Nyingi hazina hewa hata kidogo. Ni mpira mtupu, mzima, mzito, kutoka nje mpaka kwenye chuma. Sababu ni hii. Mashine inayoinua tani mbili na nusu, yenyewe ina uzito karibu wa tani nne. Ikisha kuinua mzigo, uzito karibu wote unaegemea magurudumu mawili ya mbele. Kama hewa ingetoka wakati gunia ziko juu, hapo usimame mbali. Tena mashine hii haina springi kama gari. Mpira ule njo springi yake. Jiwe dogo likipita chini, dereva analisikia mgongoni.

Sasa hesabu na mimi. Ulaya ao Marekani, pine moja nzima ya elevateri ndogo inauzwa dola mia moja na kitu, na ya mashine kubwa inafika mamia kadhaa. Mashine ina magurudumu manne. Hiyo ni bei ya dukani tu. Mpaka ifike Goma, inatoka bandarini Mombasa ao Dar es Salaam, inapita Uganda ao Rwanda, zaidi ya kilometa elfu moja, na kila mpaka una kalamu na muhuri wake. Kinshasa, mji mkuu wetu wenyewe, hauwezi kutusaidia, kwa sababu toka kule hakuna barabara ya kamio inayofika huku.

Pine imefika. Nani ataivika? Fundi wa kwado wa kando ya barabara, yule mwenye nyundo, vyuma viwili na beseni la maji, ataweza kukutolea pine ya pikipiki kwa dakika kumi. Lakini pine nzima inabanwa juu ya janti kwa mashine ya kusukuma yenye nguvu ya tani mia moja na kupita. Nyundo haifanyi kitu. Basi gurudumu linafunguliwa, linabebwa mpaka mahali penye mashine ile, na elevateri inabaki depo, imekalishwa juu ya vipande vya mti kama mgonjwa anayengoja dawa. Kamio iliyoleta mzigo inangoja nje. Dereva wake anakula na kulala kwa franga za tajiri. Mwenye mzigo anapiga simu.

Hapo njo siku wabebaji wanafurahi. Wanaitwa kwa haraka, bei yao inapanda, gunia zinateremka kwa mgongo. Nilipata kuona jambo hili zaidi ya mara moja, na sijui kama nicheke ao nihuzunike. Mashine ikiugua, vijana ishirini wanapeleka unga nyumbani.

Tajiri mwingine anasema: hapana, tuendelee na pine hii hii, bado iko. Kwenye ubavu wa pine za elevateri mara nyingi mtengenezaji anaweka mstari. Mpira ukilika mpaka kwenye mstari, kazi yake imekwisha, hata kama kwa macho unaona nyama bado ni nyingi. Tajiri anaona nyama, haoni mstari. Tena anabadilisha moja tu, ile mbaya zaidi, anaacha ya pili kwenye mhimili ule ule. Sasa upande mmoja umeinuka kuliko mwingine. Fanya hesabu: tofauti ya sentimeta moja chini, kama magurudumu yameachana kwa meta moja, inakuwa sentimeta nne ukiinua mzigo meta nne juu. Gunia haliko tena pale dereva anapofikiri liko. Wanaojua kazi hii wanabadilisha pine mbili mbili, za mhimili mmoja kwa pamoja. Anayeokoa pine moja, kesho ananunua rulema, kesho kutwa mhimili, na mgongo wa dereva hauuzwi dukani.

Jambo moja nalisifu katika mashine hizi. Zina kitabu. Zina saa ndogo inayohesabu zimefanya kazi saa ngapi. Mahali kazi inapoendeshwa vizuri, pine imeandikwa: iliwekwa siku fulani, imefanya saa kadhaa, gharama yake ni ya mwenye depo. Dereva hatoi pine mfukoni mwake.

Sasa toka nje ya lango la depo.

Chukudu

Nje ya lango wanangoja vijana wenye chukudu. Kama hujaiona, nitajaribu kuieleza. Ni kama baiskeli isiyo na kiti, isiyo na mnyororo, isiyo na pedali, imechongwa kwa mti. Ubao mmoja mrefu na mnene, mara nyingi kupita urefu wa mtu. Gurudumu moja la mti mbele, moja nyuma, na usukani wenye pembe mbili. Ilianza huku kwetu Kivu ya Kaskazini, na mpaka leo mafundi wanaichonga kwa mikaratusi na kwa miti mingine migumu. Goma wameijengea sanamu kubwa yenye rangi ya dhahabu, imesimama katikati ya mzunguko wa magari. Miji mingine inasimamisha jenerali juu ya farasi. Sisi tulisimamisha mtu wa chukudu, na mimi naona tulichagua vizuri.

Kwenye mteremko kijana anapiga goti moja juu ya ubao, kwenye kipande cha kandambili alichokipigilia misumari ili goti lisiumie, na mguu mwingine unasukuma. (Anapiga goti kutwa nzima. Nawajua washirika wasiofikisha dakika kumi.) Breki ni kipande cha pine kilichoning'inia mbele ya gurudumu la nyuma, anakikanyaga kwa mguu. Kwenye kupanda, anashuka na kusukuma. Mzigo wa kilo mia tatu ni wa kawaida, na chukudu kubwa inabeba mia tano na kupita: makala, viazi na mashu kutoka Kibumba, sementi kutoka depo, maji wakati bomba zimekauka. Katika miaka ya 2010 chukudu mpya ilinunuliwa karibu dola 50 ikiwa ndogo, na kubwa ilifika dola 100 na zaidi. Kwa kijana ambaye baba yake hana kitu, hiyo ilikuwa mali ya kuanzia maisha. Wengine walioa kwa chukudu. Wengine walilipa minervali ya wadogo zao mpaka diploma ya Serikali.

Sasa angalia magurudumu yake. Mti mtupu juu ya mawe ya Nyiragongo haungemaliza wiki. Kwa hiyo gurudumu linavishwa kipande cha pine kuukuu ya kamio, kinazungushwa na kupigwa misumari. Ndani, pale linapozungukia, wenye uwezo wanatia rulema iliyotoka kwenye gari bovu. Asiye na uwezo anatia mafuta mazito, na utamsikia akija kutoka mbali kwa mlio.

Pine ile kuukuu ina historia. Ilikuja mpya chini ya kamio, ikapanda mpaka Butembo ao ikashuka Walikale, ikala mawe mpaka ikatoboka. Kwado akaitia kiraka mara tatu, mara nne. Ilipokataa kabisa, ikauzwa Birere. Pale mtu anaikata kwa kisu akitia maji, ili kisu kiteleze. Si kila pine inafaa. Nyingi za siku hizi zina nyuzi za chuma ndani, kisu kinakataa, mikono inatoka damu. Zenye nyuzi za nailoni njo zinatafutwa. Upande wa kukanyaga unakuwa kiatu cha chukudu, ubavu unakuwa sandali, na ule mpira wa ndani unakatwa kamba ndefu za kufungia mizigo, zile tunazoziita kauchu.

Simama kidogo kwenye neno hilo, kauchu. Watoto wanafikiri ni neno la Kiswahili. Ni neno la Kifaransa la mpira, na liliingia kwetu kwa njia mbaya. Mwaka 1887, katika mji wa Belfast, daktari wa nyama John Boyd Dunlop alitengeneza pine ya hewa kwa baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Ulaya nzima ikataka pine. Wakati ule Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold II, na misitu yake, hasa kule Équateur na Kasai, ilikuwa na kamba za mti zenye maziwa ya mpira. Watu wa vijiji walilazimishwa kuleta uzito uliopangwa. Waliokosa walichapwa, walifungwa, wengi waliuawa, na mikono ilikatwa. Mwaka 1904, kule Baringa, mwanamke mmoja wa misioni, Alice Seeley Harris, alipiga picha ya baba aitwaye Nsala, amekaa barazani anatazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Picha ile ilizunguka Uingereza na Marekani, na mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa Kongo, ikawa koloni la Ubeljiji. Basi mtu akikuuliza bei ya pine, jua kwamba nchi hii imekwisha kulipa mara moja, kabla ya yeye kuzaliwa.

Tunarudi barabarani. Kwenye mteremko unaotoka Kibumba nilimkuta kijana amepindua chukudu yake, magurudumu juu, anachunguza. Mashu zake zilikuwa kando, zimefunikwa majani. Nilimwuliza kipande cha pine kinagharimu franga ngapi siku hizi.

“Papa Pasteri, mimi sihesabu na franga,” akasema. “Franga inapanda, inashuka. Mimi nahesabu na siku.”

“Namna gani, mudogo?”

“Kipande ya pine na misumari, inakula nusu siku. Rulema inakula siku mbili. Gurudumu muzima ya mti, inakula wiki. Na kama inakatikia kwenye muteremko na muzigo, inaweza kukula mutu.”

Niliona hekima kubwa hapo. Hesabu ile haiko katika vitabu vingi. Pine ikilika, vichwa vya misumari vinatokeza. Misumari inaanza kung'oka, jiwe linagusa mti. Mti ukisha kulika upande mmoja, gurudumu halizunguki tena kwa usawa, linapiga, na kila pigo linafika kwenye rulema. Kijana aliyekataa kupoteza nusu siku leo, atapoteza wiki mwezi ujao. Ni jambo lile lile la tajiri wa depo na mstari wake, isipokuwa tajiri ana mashine nyingine nyuma ya nyumba.

Gurudumu ni la nani?

Hapa nataka kusema na wazazi, na hasa ninyi ndugu wenye feza kidogo mlionunua chukudu mbili ao tatu, mkawapa vijana wafanye kazi na kuleta malipo kila jioni. Sisemi ni vibaya. Kijana asiye na dola 100 anapata pa kuanzia. Lakini nimekaa kwenye baraza za kupatanisha watu, na maneno yanakuja yale yale. Mwenye chukudu anasema: nilikupa ikiwa nzima, uliivunja, utalipa. Kijana anasema: niliisukuma kwa kazi yako, na malipo ulikula wewe. Wote wawili wanasema kweli, kwa sababu siku ya kwanza hawakusema neno lolote juu ya gurudumu.

Mimi naona hivi, na anayekataa aandike kwa gazeti. Kama malipo ya jioni ni yale yale, mvua inyeshe ao jua liwake, basi pine na rulema ni za mwenye chombo, kama vile pine ya elevateri ilivyo ya mwenye depo na si ya dereva. Ukitaka kijana alipe pine, mpunguzie malipo. Huwezi kula pande zote mbili. Wako wanaofanya vizuri kuliko hivi: siku moja katika wiki, malipo hayaendi kwa mwenye chukudu wala kwa kijana, yanawekwa kwenye kikopo cha gurudumu. Chukudu haihitaji saa ya kuhesabu ili kikopo kiwepo.

Na wewe unayeita chukudu ibebe sementi ya ujenzi wa kanisa, usimwambie kijana apunguze kwa sababu ni kazi ya Mungu. Misumari anainunua kwa bei ya watu wote.

Najua mtu atasema wakati huu si wa kuweka akiba. Ni kweli kwamba tangu mwisho wa Januari 2025, M23 walipoingia Goma, tuliona kiwanja cha ndege kimefungwa, benki zikafunga milango, na noti zikawa adimu mikononi. Kabla ya hapo, tangu Juni 2022, mpaka wa Bunagana ulikuwa umekwisha kuingia mikononi mwao. Franga zikikosekana, kitu cha kwanza mtu anachoahirisha ni gurudumu, kwa sababu tumbo halingoji na gurudumu linangoja. Utaona chukudu zinapita na mti mtupu, pine imebaki robo tu, na misumari inameta kama meno. Zinapita kwa polepole. Safari mbili kwa siku zinakuwa moja. Bei ya mashu sokoni Virunga inapanda kidogo, na mama anayenunua hajui kwamba sehemu ya bei ile ni misumari.

Yule kijana wa Kibumba alimaliza kazi yake nikiwa pale. Hakuwa na nyundo, alitumia jiwe, la huku huku. Aling'oa misumari mitatu iliyolegea, akainyoosha, akairudishia tundu jipya, pembeni ya lile la zamani. Kisha akalizungusha gurudumu la mbele kwa mkono, akainamisha sikio. Lilizunguka, likalia kidogo, likanyamaza. La nyuma akalizungusha mara mbili. Akafikiri. Akatoa gunia moja la mashu, akaniomba nimtunzie hapo kando ya barabara kwa mama mmoja anayeuza viazi, akafunga mengine kwa kauchu, akapiga goti, akashuka.